Mtu akiumia kichwa: ipo dawa ya kulinda ubongo?

(Mazungumzo haya yalitolewa na mganga wa kituo cha afya mbele ya wahamasishaji wa afya, sungusungu na viongozi wa zoni. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.)



Leo sizungumzi juu ya malaria wala kuhara. Hayo mmeyasikia mpaka mmechoka. Nazungumza juu ya mtu aliyeumia kichwa. Msimu wa maembe watoto wanapanda miti na wanaanguka. Pikipiki zinagonga watu kwenye barabara ya sokoni. Ukuta wa tofali za udongo unalowa mvua, unaangukia waliolala. Na wapo wanaopigwa fimbo porini wanapokwenda kutafuta kuni, jambo ambalo sote tunalijua ingawa wengi hawalisemi. Kila anapoletwa mmoja wao, ndugu zake wananiuliza swali lile lile: "Daktari, kuna dawa ya kulinda ubongo? Tuandikie jina, tutaitafuta."

Wanaposema "tutaitafuta", maana yake watauza kitu. Watauza unga wa mgao, watauza blanketi, watauza hata sufuria. Kwa hiyo jibu langu ni lazima liwe la kweli, kwa sababu jibu la uongo litakula chakula cha watoto wa nyumba hiyo kwa mwezi mzima.

Kwanza, elewa kinachotokea ndani ya kichwa. Mtu anapogongwa anapata jeraha la kwanza pale pale: fuvu linapasuka, au mshipa unakatika, au ubongo wenyewe unatikisika na kuchubuka. Jeraha hilo limekwisha kutokea, na hakuna dawa inayolirudisha nyuma. Lakini liko jeraha la pili, ambalo linakuja polepole, kwa saa na siku zinazofuata. Damu inaendelea kuvuja ndani. Ubongo unavimba. Fuvu la mtu mzima ni mfupa mgumu, halitanuki kama tumbo. Kwa hiyo damu na uvimbe vikizidi ndani, ubongo unabanwa, na damu mpya yenye hewa safi haipati njia ya kuingia. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tunayovuta. Ukinyimwa hewa hiyo kwa dakika chache tu, sehemu zake zinaanza kufa.

Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka, akazimia, akazinduka, akazungumza na watu, akaomba uji, kisha jioni akalala na asiamke tena. Watu husema amerogwa, kwa kuwa walimwona mzima. Hakurogwa. Ni damu iliyokuwa ikijikusanya kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo.

Wataalamu duniani wametafuta kwa miaka mingi dawa ya kuzuia jeraha hilo la pili. Nataka niwaeleze walichokipata, kwa sababu dawa nyingi mnazouziwa zinatokana na matumaini yale ya zamani.

Chukua dawa za jamii ya steroidi. Hizi zinapunguza uvimbe katika magonjwa mengine, na sisi wenyewe tunazitumia, kwa mfano kwa mwenye pumu aliyebanwa sana. Basi madaktari walifikiri hivi: ubongo uliogongwa unavimba, steroidi hupunguza uvimbe, kwa hiyo tuwape steroidi waliogongwa kichwa. Kwa zaidi ya miaka 30 zilitumika katika hospitali za nchi nyingi, zikiwemo zile kubwa na tajiri. Fikira hiyo ilikuwa na mantiki, na hata mimi ningeikubali.

Kuanzia mwaka 1999 ukafanyika uchunguzi mkubwa ulioitwa CRASH, ulioongozwa kutoka London. Watu wazima 10,008 walioumia kichwa, katika hospitali 239 za nchi 49, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa steroidi iitwayo methiliprednisoloni kwa dripu ya siku mbili, na nusu wakapewa dripu inayofanana nayo lakini isiyo na dawa ndani. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Walikusudia kufikisha watu 20,000, lakini mwaka 2004 kazi ilisimamishwa kabla ya kufika huko. Kwa nini? Kwa sababu katika kila watu 100 waliopata dawa, 21 walikuwa wamekufa kabla ya wiki mbili kwisha, na kwa wale wasioipata walikufa 18. Dawa iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikiua watu watatu zaidi katika kila mia. Hebu fikiri juu ya wale wote waliopewa katika miaka 30 iliyotangulia, bila mtu yeyote kuhesabu.

Ninalisema hili kwa kirefu kwa sababu deksamethasoni, ambayo ni ndugu wa dawa hiyo, inapatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa, na wapo wachomaji sindano wa mitaani wanaoitoa kwa kila uvimbe. Ikiwa mtu wako ameumia kichwa, usikubali achomwe sindano hiyo. Muulize anayechoma jina la dawa. Asipokutajia, ondoka na mgonjwa wako.

Dawa nyingine nitazipitia haraka. Magnesiamu ilijaribiwa, na mwaka 2007 ikaonekana haisaidii. Sitikolini, ambayo katika nchi nyingi huuzwa kama chakula cha ubongo, ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,213, na mwaka 2012 ilionekana haina tofauti na kidonge kitupu. Projesteroni, homoni ya kike, iliwapa watu matumaini makubwa sana baada ya majaribio madogo ya mwanzo. Mwaka 2014 chunguzi mbili kubwa, moja ya watu 882 na nyingine ya watu 1,195, zilitoa jibu moja: haisaidii. Hata kuupoza mwili mzima kwa mashine kulijaribiwa katika hospitali kubwa, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha faida. Kwa hiyo kummwagia mgonjwa ndoo ya maji baridi kichwani ni kumtesa tu, na maji yanaweza kumwingia puani.

Sasa msije mkaondoka hapa mkisema mganga kasema hakuna dawa. Iko moja ambayo imeonyesha kitu, nayo ina masharti.

Inaitwa asidi ya traneksamiki. Akina mama waliojifungulia hospitali pengine wameisikia, maana hutumika pia kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Aliyeigundua pamoja na mume wake ni daktari mwanamke wa Japani, Utako Okamoto, mwaka 1962, na alichokuwa akikitafuta ni hicho hasa: dawa ya kuwaokoa mama wanaovuja damu uzazini. Uchunguzi wa akina mama zaidi ya 20,000 uliothibitisha kazi yake ulitoka mwaka 2017. Yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98.

Dawa hii haiponyi ubongo. Kazi yake ni kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, ili mshipa uliokatika uache kuvuja. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya uchunguzi uitwao CRASH-3, uliofanywa kwa watu 12,737 katika hospitali 175 za nchi 29, zikiwemo Pakistan na Nigeria. Kwa wale ambao jeraha lao halikuwa baya sana na waliopata dawa ndani ya saa tatu tangu kuumia, walikufa kwa jeraha la kichwa watu 58 katika kila 1,000. Wasioipata walikufa 75. Kwa wale waliofika wakiwa katika hali mbaya kabisa, hawasikii wala hawajibu, dawa haikuonyesha tofauti. Na kadiri ilivyocheleweshwa, ndivyo ilivyopungua nguvu.

Zingatia hizo saa tatu. Uchunguzi wa kabla ya huo, wa mwaka 2010, uliohusu watu wenye majeraha ya kila namna wanaotokwa damu, ulionyesha kwamba dawa hiyo hiyo ikitolewa baada ya saa tatu inaweza kumdhuru mgonjwa. Basi mtu akianguka kutoka kwenye mwembe saa nane mchana, mlango unafungwa saa kumi na moja jioni. Mkianza kwa kumlaza nyumbani "tumwone kwanza", halafu mkamsubiri baba yake arudi kutoka kwenye kibarua, halafu mkatafuta baiskeli, mtatufikia saa mbili usiku, na dawa ambayo haigharimu fedha nyingi itabaki kwenye kabati.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja dogo. Mtu akiumia, tazama saa. Kama huna saa, uliza mwenye simu. Andika saa hiyo kwa kalamu kwenye mkono wa mgonjwa, kwa herufi kubwa. Mkifika hapa kila mtu anabishana ilikuwa saa ngapi, na muuguzi hawezi kutoa dawa kwa kubahatisha. Vile vile asiyehitaji hapewi: mtoto aliyegonga kichwa mlangoni, akalia, akacheza, huyo hatumchomi kitu.

Wengi hamtalipenda ninalotaka kusema sasa, kwa sababu halina jina la kununua. Vitu vinavyolinda ubongo kuliko dawa zote nilizozitaja ni hewa na damu. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 717 wenye majeraha mabaya ya kichwa. Wale ambao shinikizo lao la damu liliteremka, hata mara moja tu, kati ya kuumia na kutibiwa, walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Mgonjwa aliyelazwa chali, ulimi umeziba koo, matapishi yamejaa mdomoni, anapoteza ubongo wake njiani wakati ndugu wakikimbilia duka la dawa. Na yule ambaye mguu wake unachuruzika damu huku watu wote wakitazama kichwa, huyo pia ubongo wake unakufa kwa kukosa damu.

Mambo hayo mawili unaweza kuyafanya wewe mwenyewe, papo hapo, bila senti.

Akiwa hana fahamu, mgeuzeni alale ubavu ili matapishi yatoke nje. Mfanye watu watatu au wanne: mmoja ashike kichwa kikae sawa na mwili, wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama mnavyoviringisha gogo, kwa sababu shingo nayo huenda imevunjika. Mwondolee matapishi mdomoni. Damu inayotoka jeraha la mguu au mkono, bonyeza kwa kitambaa safi na usiachie. Jeraha la kichwani nalo libonyeze, ila ukihisi mfupa umebonyea au unacheza chini ya kidole, funika tu bila kukandamiza. Maji au damu ikitoka sikioni au puani, usizibe. Usimpe uji wala maji ya kunywa. Usimpulizie ugoro puani ili apige chafya. Najua wazee wetu wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini kupiga chafya kunapandisha shinikizo kichwani. Sala hazikatazwi kabisa. Ziendelee mkiwa njiani.

Kubeba ni kwa machela. Kama machela ya zoni haipo, mlango au ubao unatosha. Usimkalishe asiyejitambua kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, shingo ikiyumba. Usiku, mwiteni sungusungu awasindikize na apige simu kituoni, tumwandae muuguzi na mashine ya oksijeni kabla hamjafika. Tukiona haja ya upasuaji au picha ya ndani ya kichwa, tutaandika rufaa. Huko hospitali wanaweza kumpa manitoli, dawa ya dripu inayovuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba. Hiyo inanunua muda mpaka daktari wa upasuaji aitoe damu iliyokusanyika; peke yake haimalizi kazi, na si ya kutundikiwa nyumbani.

Juu ya maumivu: parasetamoli inaruhusiwa, kwa kipimo cha umri. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni msimpe, kwa kuwa zinazuia damu kuganda. Na akiwa anahangaika, anatupa mikono, anatukana watu, msimpe kidonge cha usingizi. Kuhangaika huko huenda ni kwa sababu ubongo unakosa hewa. Mkimtuliza mtaona amelala vizuri, kumbe anaondoka.

Yule tuliyemwangalia tukamruhusu arudi nyumbani, asilale peke yake siku ya kwanza. Mwamshe usiku mara kadhaa, muulize jina lake na mahali alipo. Mrudisheni upesi, hata kama ni saa tisa usiku, akitapika tena na tena, akizidi kuumwa kichwa, akisema maneno yasiyoeleweka, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, akipata degedege, au ikiwa hamwezi kumwamsha. Mtoto mchanga asiyeweza kusema, angalia kama anakataa kunyonya, au analia mfululizo bila kunyamaza, au utosi umevimba.

Baada ya mazungumzo watu waliuliza maswali. Mzee mmoja aliuliza itakuwaje kwa mtu aliyekunywa pombe akaanguka, kwani huyo hujilalia tu mpaka asubuhi. Mzee wangu, swali lako ni zito. Pombe na jeraha la ubongo vinafanana: mtu anapepesuka, anatapika, ulimi mzito, usingizi. Kwa hiyo mlevi mwenye jeraha au uvimbe kichwani mhesabuni kuwa ameumia ubongo mpaka sisi tuseme vinginevyo. Mleteni na pombe yake. Hatutamgombeza, wala hatutamwita polisi kwa sababu ya kunywa.

Kijana mmoja aliuliza juu ya kaka yake ambaye hajazinduka wiki nyingi baada ya ajali: je, kuna dawa ya kumwamsha? Ipo iitwayo amantadini. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwa wagonjwa 184 wa hali hiyo kwamba walipokuwa wakiitumia, kwa wiki nne, walipata nafuu kwa haraka kuliko wenzao. Hutolewa na daktari bingwa hospitalini, si kituoni hapa. Wakati huo huo mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda, mnyoosheni viungo, mzungumze naye kwa jina lake.

Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini juu ya binti yake aliyegongwa mwaka jana, sasa anaanguka kifafa, na majirani hawataki watoto wao wale naye sahani moja. Mama, kifafa cha namna hiyo ni kovu la ubongo. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa sahani, wala kwa kumshika anapoanguka. Wakati wa jeraha hospitali huweza kutoa fenitoini, na uchunguzi wa mwaka 1990 wa watu 404 ulionyesha kwamba inazuia degedege la wiki ya kwanza, lakini haizuii kifafa kinachokuja baadaye. Kwa hiyo wasimlaumu mtu kwamba hakupewa dawa ya kinga. Kifafa kikishaanza kinatibiwa kwa vidonge vya kila siku, ambavyo havikatizwi ghafla hata akiona amepona, maana akiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo. Mlete binti siku ya kliniki ya magonjwa ya kudumu, na kadi yake. Akianguka kabla ya siku hiyo, ondoeni moto na sufuria karibu yake, mlazeni ubavu akitulia, msimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano bila kukoma, msingoje siku ya kliniki, mleteni saa hiyo hiyo.